Sindano za Mashine ya Felisita

Gisenyi, Agosti 1999

Mdogo wangu Veronika,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wa nyumbani Karagwe. Goti lako linaendeleaje? Kahawa mmemaliza kuianika, au mvua imewavuruga? Sisi huku tu wazima, na safari hii nasema hivyo bila kukuficha neno, tofauti na barua yangu iliyopita.

Wakati ule sikukuambia kwamba mashine ya wifi yako, ile ya kufuma sweta tuliyoipakia juu ya lori siku ya kuondoka huko, ilikuwa imesimama. Felisita alilazimisha uzi mnene, sindano kumi na mbili zikapinda kwa mara moja. Naye alikuwa amekwisha kuchukua kazi ya sweta za sare za shule moja ya msingi ya Kanama. Mwalimu mkuu alimwambia wazi kwamba zisipokuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa, kazi hiyo ataipeleka kwa fundi wa Kigali, mwaka huu na miaka ijayo. Wajua jinsi pensheni yangu ya ualimu inavyochelewa. Mashine hiyo ndiyo inayotulisha.

Sindano hizo hazipatikani hapa wala Goma. Aliyetuokoa ni mwanao Deo. Alinieleza kwa simu kwamba siku hizi huko Brussels mtu huketi mbele ya kompyuta, akaona bidhaa za duka lililo nchi nyingine, akalipa kwa kadi ya benki, na duka likamtumia. Nilidhani ananitania. Duka alilipata, na sindano zilikuwapo. Taabu ilikuwa kuzifikisha. Hadi Kigali walitaka gharama ya kawaida. Kuvuka Kigali wakaongeza nyingine, kwa kuwa eti sisi tu eneo la mbali, na nyongeza hiyo peke yake ilizidi bei ya sindano.

Deo alishauri kwa adabu: "Mjomba, ziishie Kigali, kisha mtu azipakie kwenye minibasi." Huku watu hutuma kila kitu hivyo: unaandika jina juu ya mzigo, unampa dereva, naye anaushusha unakokwenda. Nilikataa. Nilisema kitu kilicholipiwa kifike mlangoni, nami nikitilie sahihi. Akalipa nyongeza. Kisha kompyuta ikadai jina la mtaa na namba ya nyumba. Nilimwagiza aandike ukweli: njia yetu haina jina na nyumba haina namba. Sikufikiri hata kumpa simu ya jirani.

Wiki mbili zikapita. Felisita hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Kila asubuhi aliifuta mashine vumbi, akaifunika tena. Mwishowe nilikwenda kwenye kibanda cha simu nikampigia wakala wa Kigali wa kampuni iliyosafirisha kifurushi. Karani akajibu kwamba kifurushi anacho, lakini gari lao litakuja Gisenyi vifurushi vya huku vikitosha. Nilimwuliza vinatosha vikiwa vingapi. Hakujua. Nikamweleza habari ya shule, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuipenda.

Kesho yake adhuhuri minibasi ikasimama mbele ya nyumba yetu, abiria wote ndani. Dereva ni Sefu, mtu wa Goma, anayekwenda Kigali na kurudi kila siku.

"Muzee, mutu wa Kigali alinipatia hii kitu asubui," akasema. "Alisema nyumba yako haiko na namba. Nikamwambia, we patia mi tu, ule mwalimu wa Tanzania mi namujua."

Alinipa na karatasi ya kampuni nitie sahihi, airudishe Kigali. Nikaitia. Felisita alikitazama kifurushi, akamtazama Sefu, kisha mimi.

"Kwa hiyo Deo amewalipa Wazungu ili wampe Sefu."

Abiria wakacheka. Veronika, nami nilicheka, nimesimama na kalamu mkononi.

Alifuma siku tano, akiacha kula tu na kulala. Jana alizipeleka Kanama mwenyewe. Mwalimu mkuu alivuta mishono ya kila sweta, akazikubali zote, akamwahidi na kazi ya mwaka ujao. Aliporudi aliketi mlangoni kabla hata ya kufungua kitambaa kichwani, akasema, "Tumepona."

Deo nimemwandikia kumwomba radhi, maana fedha ile ililipia ukaidi wangu. Nawe mama yake ujue kwamba umelea mtu.

Msalimie shemeji yangu Paulo. Mwambie shangazi Tereza kwamba sweta yake ya bluu itakuja na mtu wa kwanza atakayevuka mpaka wa Rusumo. Mpe salamu na mzee Rutta, jirani yako, aliyetusaidia kufunga kamba za lori.

Nakomea hapa. Felisita ananiita nikamshikie uzi auzungushe, kazi niliyoikataa miaka yote, na leo nakwenda.

Kaka yako,
Aloisi