Walisahau Kunitoa Nje

Ngokolo, Shinyanga
4 Machi 1973

Baba, shikamoo. Mimi mzima, ukiondoa mafua ya vumbi. Mgongo wa mama unaendeleaje?

Uliuliza kama nimepata uhadhiri. Bado. Idara yetu hapa Chuo Kikuu cha Bugeme ina wahadhiri kumi na wawili, wanaume watupu, na wanane wamesoma sekondari moja. Mimi mkufunzi msaidizi nilishaomba mara mbili, mara mbili nikaambiwa ningoje. Huku nikingoja, naandika kumbukumbu za vikao, maana eti mwanamke ana mwandiko mzuri.

Jumanne lilifikiwa ombi langu la tatu. Mwombaji hutolewa nje. Baba, walisahau kunitoa. Wamenizoea pale pembeni na daftari, wakanijadili kama ng'ombe mnadani. Dakta Donatus alisema nitaolewa niondoke. Mwingine, kwamba vijana wa kiume hawatanisikiliza. Mwenyekiti, Dakta Thobias, akafunga: "Akili anazo, hatubishi. Lakini tukimwingiza huyu, kesho tutamkatalia nani?"

Nimeyaandika yote, na majina yao. Sasa Thobias anataka niandike tu kwamba ombi lilijadiliwa likaahirishwa. Nikikataa, mkataba wangu unaoisha Juni hatauongeza. Nifanyeje?

Binti yako,
Paskazia

Ushirombo
17 Machi 1973

Marahaba mwanangu. Hapa mhola, amani tupu. Mgongo wa mama yako utapona palizi ikiisha, ndivyo anavyosema kila mwaka.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Mengine nimeyasoma kwenye kabati la kumbukumbu za chama chetu cha pamba, miaka kumi na tisa ya ukatibu. Nilichokiona ni kwamba mtu haogopi alichosema, anaogopa kukisikia kinasomwa. Na mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kusahihisha kumbukumbu. Kikao ndicho kinachothibitisha. Kwa hiyo usibishane naye ofisini. Msikilize kwa adabu, halafu usifanye. Siku ya kikao zisome neno kwa neno, taratibu, kama padri anayetangaza ndoa. Anayekana aseme yeye alisema nini. Kisha kaa chini.

Mkataba wakiukata, jembe lako lipo. Ila sikulea mkulima wa kukimbia vikao.

Baba yako,
Gelasius

Ngokolo
20 Mei 1973

Baba, shikamoo. Nisamehe kimya, nilitaka nikuandikie likiwa limekwisha. Afya njema, hata mafua yameniacha.

Kumbukumbu nilizisoma kikaoni. Thobias akaamuru ukurasa wa tatu ufutwe. Nikamuuliza ni neno lipi ambalo halikusemwa. Mzee Donatus akajikohoza. "Mimi langu nililisema," alisema. "Linasikika vibaya, lakini nililisema." Zikathibitishwa kwa kura saba. Zikishathibitishwa lazima ziende kamati ya ajira ya chuo, na kamati ikawaita mmoja mmoja wajieleze.

Jana nilipewa barua: mhadhiri, kuanzia Julai. Thobias hanisalimii. Namsalimia mimi, kila asubuhi, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya uwanja. Na Coletha, msaidizi wa idara ya jirani aliyekwisha kukata tamaa, leo tumejaza fomu yake.

Binti yako,
Paskazia

Ushirombo
2 Juni 1973

Marahaba, Mwalimu. Sisi wazima, ingawa mimi nimepata msukosuko.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya majirani, nikajisifu kidogo kwa ushauri wangu. Walipoondoka mama yako akauliza kamati ya chama ina wanawake wangapi. Nikasema hakuna. Akauliza pamba ya chama inapaliliwa na nani. Nikasema leo kuna joto. Mwishowe nikajitetea kwamba wanawake hawajaomba.

"Basi andika jina langu," alisema. "Salvina. Na uandike vizuri."

Jumamosi ijayo ni uchaguzi, na nafasi inayogombewa ni moja: ya katibu, yaani yangu. Kusoma anasoma kunishinda, masista walimfundisha. Wake wa jirani wameanza kupita hapa wawili wawili, wananisalimia kwa huruma.

Jina nimeliandika. Tuombee wote wawili, na ukishindwa kutuombea wote, usiniambie umemwombea nani.

Baba yako,
Gelasius