Mwamba wa Kaburini Kwako

Tata,

Nakuita hivyo hata kwa Kiswahili, maana nikiandika "Baba" atakayeitika ni Mama. Katika Kigusii chetu baba ni yeye, na tata ni wewe. Na Kiswahili ni amri yako. Tangu nilipokwenda bweni ulikataa kusoma barua yangu ya Kigusii, ukasema hukutokwa jasho bure kujifunza Kiswahili kwenye shamba la mzungu hapa Nyansiongo.

Nimepata. Nianze na hilo, nipumue. Ile nafasi ya utafiti wa shahada ya uzamivu niliyoihangaikia hata kabla hujaugua, ya kuchunguza jinsi miamba ilivyoinama, ilivyojikunja na kupasuka, wamenipa. Tena hakuna safari ya ng'ambo. Nitafanya kazi kuanzia vilima vya Manga hadi huku kwetu, na jioni nitakula kwa Mama. Tangu nipate habari nalala kama mtoto aliyeshiba.

Hukuwahi kulielewa somo langu, na hukuficha. Mtoto wa jirani alisomea ualimu, mwingine dawa za ng'ombe, na mimi, ulisema mbele ya wageni, "Huyu anasomea vitu vinavyovunja jembe." Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini iliniuma. Kila likizo uliniuliza, "Mawe yako yatamfaa nani?" Nilikujibu kwa maneno marefu ya kitabuni, nawe ukaondoka kwenda kukama.

Sasa sikia yaliyotokea siku ya kukuzika, kwa sababu wewe hukuwepo. Au ulikuwepo, lakini hukutusaidia.

Vijana walianza kuchimba kulia kwa nyumba, mahali pa mwanamume. Shimo lilipofika kiunoni, jembe likalia. Mwamba. Waliupiga kwa mtaimbo mpaka wakatoka malengelenge. Wageni kutoka Keumbu walishafika, kwaya inarudia nyimbo zile zile, mvua inakaribia, na ndugu yako Momanyi akaanza kunong'ona kwamba labda tuhamie kushoto. Kushoto, Tata, mahali pa mwanamke. Mama alijifunika uso kwa leso.

Nilishuka shimoni na suti yangu. Nikafuta udongo kwa kiganja, nikaona matabaka ya mwamba yamelala mshazari, yakizama kuelekea migomba. Nikatoa dira yangu ya kupimia miamba, ambayo huwa siachani nayo, nikapima pembe ya mwinamo ule. Niliwaambia wasogee hatua chache tu kuelekea migomba, bado kulia kwa nyumba, kwani huko mwamba unakwenda chini na udongo una kina. "Haya, tumsikie huyu wa mawe," akasema Momanyi. Walichimba mpaka wakamaliza na mtaimbo haukuguswa tena.

Ulilala mahali pako kabla ya mvua. Ndipo nilipolia. Nilikuwa nimepata jibu la swali lako, na sikuwa na wa kumpa.

Kwenye usaili, profesa mmoja mzee aliniuliza kazi hii yangu itamfaa nani. Swali lako, Tata, kwa Kiingereza. Maneno ya kitabuni yalinikimbia yote, nikawasimulia kaburi. Nilijua nimeharibu. Mzee yule akavua miwani, akauliza mwamba ule unainama kwa pembe gani. Nikamtajia. "Basi kazi umeshaianza," akasema.

Mama hajambo. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike, na Momanyi sasa ananiita mtaalamu, hasa akitaka kuchimba kisima.

Lala salama, Tata. Nakuahidi jambo moja. Ramani yangu itajaa vipimo vya vilima hivi vyote, lakini cha kwanza, kabla hata ya Manga, kitakuwa kile nilichopima siku ile hatua chache kutoka unapolala. Panapotakiwa jina la mahali, nitaandika: Kwa Tata.

Mwanao,
Yule wa mawe