Kiboko Kwenye Bwawa la Baba Neema

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeshona tangu asubuhi. Sare za shule, zimebaki kola tu. Jua likiwa kali cherehani ya sola inakimbia yenyewe, sihitaji kukanyaga. Chai nimechemsha kwa gesi ya samadi. Tumbili wamemaliza papai lingine nyuma ya choo. Nimepiga debe kuwafukuza. Wamenitazama tu.

Ndani kumepoa hata saa nane mchana. Kila mgeni anaisifu nyumba hii. Kuta nene za udongo, madirisha mapana ya kupitisha upepo wa ziwa, hakuna bili ya umeme. Baba Neema amejenga nyumba za watu maisha yake yote. Hii ndiyo ya kwake. Sawa. Mimi bado naiota meza yangu ya kushonea pale Mukendo, Musoma mjini, watu wanapita, wanasalimia, wanaleta umbea. Jioni narudi kwenye nyumba yetu ya kupanga Mwisenge, jirani anapika sato naisikia harufu. Huku Bunda shamba zima ni letu na sina wa kuongea naye.

Nyayo za kiboko tena kwenye michungwa. Kubwa, na pembeni yake ndogo. Wanapanda kutoka ziwani kula majani. Safari hii wamefika karibu na bwawa. Nimemwambia Baba Neema uzio wa miba umelala chini. Kasema kesho. Tangu kiharusi mkono wake wa kushoto haujarudi vizuri, na kila kitu ni kesho.

Jumanne, 12 Agosti

Mtoto wa kiboko yumo bwawani.

Baba Neema alimkuta asubuhi alipoenda kuwasha pampu. Kingo zimetandikwa nailoni nyeusi, zinateleza. Anapanda hatua chache, anarudi majini. Analia. Baba Neema akasimama anamshangaa. Mama mtu alikuwa nyuma yake kwenye maparachichi.

Nilisikia naitwa. Hajawahi kuniita kwa sauti ile. Nilitoka mbio bila viatu. Mnyama mzito vile, sikujua anakimbia hivyo. Nilimvuta Baba Neema kwa shati tukaingia kibanda cha pampu, nikavuta mlango wa bati. Akaupiga. Bati likabonyea ndani hadi likamgusa Baba Neema kifuani. Nikajua tumekufa. Halafu mtoto akalia kule bwawani, na mama akaacha. Akamrudia mtoto.

Tulikaa mle mpaka jua lilipomchoma yule mama akashuka kwenye matete. Suruali ya Baba Neema ilikuwa imelowa. Nimeifua. Hatujaliongelea.

Nimempigia mwenyekiti wa kijiji. Yeye kampigia askari wa wanyamapori. Wako kijiji kingine, tembo wameingia mashambani. Watakuja wakimaliza.

Jumatano, 13 Agosti

Askari bado.

Watu wamejaa barabarani tangu asubuhi. Wengine wana mapanga, wengine wameshika mifuko kabisa. Nyama. Mwenyekiti anawazuia wasiingie. Mwenyewe naona anaipigia hesabu.

Mama Mafuru naye amekuja. Ndiye jirani yetu wa karibu. Mume wake aliuawa na kiboko, mwaka juzi, akitoa nyavu. Hakuwa na mfuko wala panga. Amesimama kwenye uzio, khanga mabegani, haongei na mtu. Nimempelekea maji ya kunywa.

"Mimi nyama siitaki," kaniambia. "Nataka tu nimuone amekufa."

Nimechukua kikombe nikarudi ndani.

Ng'ombe hawajanywa maji. Wanalia bandani na hatuwezi kwenda. Magharibi mama kiboko alipanda tena. Watu wote walitawanyika. Akazunguka bwawa, akaja mpaka nyumbani. Akajisugua kwenye kona ya chumba changu cha cherehani. Ukuta ulitetemeka, vumbi la udongo likamwagika juu ya sare. Baba Neema kasema ukuta ule hauanguki. Alisema huku amesimama mbali nao. Madirisha yale mapana, leo nayaona kama milango.

Naogopa. Nina hasira pia. Na Baba Neema, na nyumba, na ziwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Mikono imechubuka, naandika vibaya.

Askari wawili wamefika na bunduki moja. Mkubwa wao, Afande Chacha, ni mtu mpole, amechoka, macho mekundu. Alilitazama bwawa, akatuita mimi na Baba Neema pembeni. Mtoto amedhoofika, kasema. Mama hatamwacha, na ataua mtu. Kuna njia mbili. Ampige mama risasi, mtoto atolewe kwa kamba. Au tukate ukuta wa chini wa bwawa, maji yaende, mtoto atoke mwenyewe.

"Piga," alisema Baba Neema.

Namwelewa. Maji yale ni ya masika. Ndiyo ya kutufikisha vuli. Pampu yetu haina nguvu ya kupandisha mengine kutoka ziwani. Bila bwawa michungwa michanga inakufa, na maparachichi. Watu kule barabarani walimsikia. Wakashangilia.

Mimi nikasema, "Kateni ukuta."

Sikupanga kusema. Baba Neema alinigeukia. Aliongea taratibu, nisikie peke yangu.

"Umepata ulichokuwa unakitafuta. Miti ikauke, turudi Mwisenge."

Iliniuma kwa sababu sikuweza kukataa. Sijui kama nilimhurumia yule mnyama au nililichukia bwawa. Hata sasa naandika na sijui. Nilimjibu kile nilichokijua tu.

"Juzi alikuwa anatuua. Mtoto akamwita, akatuacha. Mimi siwezi kusimama hapa nikaangalia anapigwa."

Afande akasema anataka neno moja, la wenye shamba, wasije wakageukana kesho. Baba Neema alilitazama bwawa muda mrefu. Alilichimba kabla hajaugua, kwa mikono yote miwili.

"Kateni," kasema. "Mimi jembe sishiki." Akaingia ndani.

Wale wa barabarani, hakuna aliyekuja kutusaidia. Walikuja kwa nyama. Tulichimba mimi, mwenyekiti na yule askari mdogo. Afande alisimama ameelekeza bunduki kwenye matete. Udongo mgumu kama saruji, Baba Neema aliushindilia vizuri mno. Nailoni nikaipasua mwenyewe kwa mkasi wa kushonea. Maji yakatoka kidogo kidogo, halafu ukuta ukaachia wote. Yalituangusha. Yakapita kwenye majani yakashuka zake.

Mtoto akabaki kwenye tope, hasogei. Ndipo matete yakafunguka.

"Msikimbie," alisema Afande. "Mama, usikimbie."

Mama kiboko alipita mbele yetu. Niliiona mikunjo ya shingo yake, na ndege mgongoni. Hakutugeukia. Alifika pale tulipokata, akashusha kichwa, akatoa sauti nzito nikaisikia tumboni. Mtoto akajikokota. Akateleza. Akatoka. Mama alimnusa kote, halafu wakashuka pamoja katikati ya michungwa, wakavunja mmoja.

Watu wakaanza kuondoka wakinung'unika. Mama Mafuru alikuja mpaka nilipokuwa nimekaa kwenye tope.

"Kwako kiboko ni mtoto wa mtu," kasema. "Mume wangu alikuwa nini?"

Akaenda. Afande alijifanya anafunga viatu.

Ijumaa, 15 Agosti

Bwawa ni tope. Korongo wameshuka kula vyura. Baba Neema hakuamka mpaka saa nne. Hajaniambia hata neno.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani mabenchi yalikuwa na nafasi, ila karibu nami hakukaa mtu. Mama Mafuru alikuwa mbele. Nilimsalimia mlangoni. Aliitikia chini chini, kwa sababu ya kanisa.

Dada yangu amepiga simu kutoka Butiama. Habari imefika huko. Kwa wanaosimulia, mimi nimefuga kiboko. Kacheka. Nami nikacheka, kisha nikalia, yeye hakujua.

Jumanne, 26 Agosti

Maparachichi yamepukutisha majani. Michungwa mikubwa inavumilia. Midogo imekunja majani kama mikono ya mzee. Maji ya kuogea, ya kufulia, ya vyombo, yote nayabeba kwa ndoo kwenda kuimwagilia. Hayatoshi. Kila jioni nachagua mti upi usinywe. Kazi mbaya sana.

Leo Baba Neema amenifuata na ndoo, ameishika kwa mkono mzima. Tukamwagilia mchungwa mmoja. Akaniuliza bila kunitazama.

"Siku ile, maji yalipokuwa yanatoka. Ulifurahi?"

Ningeweza kudanganya.

"Kidogo," nikasema. "Mwanzoni. Ulipovunjika ule ukuta."

Nilidhani ataninunia tena siku kumi. Akaweka ndoo chini.

"Nilikuwa nakuonaga," akasema. "Ukiangalia barabara. Tangu tuhamie. Nikawa nasema ukishazoea utaacha."

"Sijaacha."

"Najua."

Jioni amechora kwenye mfuko wa saruji. Bwawa jipya, upande mmoja umelala, mteremko wa mawe, mnyama akiingia anatoka. Kaniuliza je, siku za gulio nikapata kibanda Musoma, nikalala kwa binti yetu Neema, nikarudi. Kasema atajua kujipikia. Hajui. Lakini amesema.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo nimekwenda kwa Mama Mafuru. Sikubeba kitu. Nilifikiria nibebe nini, kila kitu kilionekana kama hongo.

Alikuwa anaanika dagaa kwenye nyavu, pale chini kwenye mchanga. Aliniona tangu mbali. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikasema shikamoo, maana ni mkubwa kwangu. Akasema marahaba, akaendelea.

Nilikaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimetafuta jibu la swali lake wiki hizi zote. Njiani nilikuwa nalo. Pale halikutoka, na nadhani halikuwa jibu. Ziwa lilikuwa limetulia. Viboko walikuwa mbali, vichwa tu. Yeye alikuwa amewapa mgongo.

Baadaye nikashuka nikaanza kugeuza dagaa upande wa pili. Natoa majani na vijiwe. Alinitazama ninavyofanya, akaja akanionyesha, usikandamize, wanavunjika. Nikafanya anavyotaka. Tulifanya hivyo mpaka nyavu zikaisha.

"Alikuwa anaimbaga akirudi," alisema. "Nilikuwa namsikia nikiwa hapa kabla sijamuona."

Nikaokota dagaa walioanguka mchangani.

Upepo ukaanza kutoka ziwani, mchanga unaruka. Akanyanyua ukingo wa nyavu.

"Shika huko," kasema. "Tuhamishie nyuma ya nyumba."

Nikashika.