Gurudumu la Bafta

Jumamosi, 11 Januari

Vidole vyangu vimekwisha! Siku nzima nimesugua bakuli moja la mti wa mbambakofi, kwanza kwa msasa, kisha kwa nta na kitambaa, na bado linang'aa nusu nusu. Mwenye duka la Ndia Kuu anayenunua mabakuli yangu anayataka yote yang'ae kama kioo. Mashine ya kung'arishia ya dukani sithubutu hata kuulizia bei. Basi nitajiundia yangu. Kukereza nilijifundisha mwenyewe — hiki ndicho kitanishinda?

Nimekwenda Makupa kwa Joab, fundi wa mashine za kufulia. Amenichagulia mota iliyotoka kwenye mashine iliyooza bodi. Inazunguka vizuri. Kilichobaki ni gurudumu la kitambaa: pamba tupu, laini, matabaka mengi yaliyoshonwa pamoja. Likizunguka ukaligusisha mti, mng'ao hutoka wenyewe.

Shangazi Mwanaesha ameipapasa ile mota akanicheka. Macho yake siku hizi yanaona vivuli tu, lakini ulimi ni ule ule. Eti nimemletea maiti ya mashine nyumbani kwake.

Jumatatu, 13 Januari

Kitambaa nimekipata bila kutoka nyumbani! Ndani ya kasha la Shangazi, chini ya mablanketi: bafta nyeupe, mpya kabisa, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Inanuka kafuri, lakini kasha zima linanuka kafuri kwa ajili ya mende. Nadhani ni masalio ya kanzu za Sikukuu. Sikumwuliza. Angenizungusha wiki nzima: ya nini, kwa nini, mbona hununui yako.

Nimekata miviringo kwa kufuatisha sahani ya pilau. Vipande vilivyobaki nimepangusia mafuta, nikavichoma. Kushona ndiko sikuwezi, kwa hivyo nikampelekea yeye mwenyewe. Mikono yake imeshona kofia tangu usichana, na kwa miaka mingi ndiye aliyewaosha wanawake wa mtaa huu wakifa na kuwavisha sanda. Haihitaji macho. Aliipapasa bafta kwa muda, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikasema sokoni Mwembe Tayari. Uongo mdogo tu.

Uzi niliompa aliuweka kando. Akachomoa nyuzi kwenye ukingo wa bafta yenyewe, akashonea hizo, mishono mirefu, bila kupiga fundo. Nikamwambia itafumuka.

"Mkono wenda wenyewe, mwanangu."

Na midomo inasoma kitu chini kwa chini. Sikupenda. Sijui kwa nini.

Jumatano, 15 Januari

Inafanya kazi! Bolti katikati, washa mbili pana za chuma, nati, basi. Nimelipaka gurudumu sabuni ya kung'arishia, nikaligusisha bakuli taratibu, upande wa chini. Likawaka! Nimeuona uso wangu humo, mpaka ndevu ambazo sijanyoa.

Harufu ya kafuri ikajaa karakana nzima hapa chini. Kitambaa kikipata moto hutoa harufu, si ajabu.

Ajabu ni nyingine. Nilisikia hatua ngazini. Shangazi! Peke yake, bila kushika ukuta — mtu ambaye tangu Ramadhani hajashuka ngazi hii bila kushikiliwa. Uso umenyooka, umepata nuru. Akataka kahawa na halua. Nilifurahi hata nikaisahau mota, ikabaki inazunguka. Nilipoizima akasema ghafla amechoka. Nikamshika mkono kumpandisha juu. Mkono ulikuwa baridi.

Ijumaa, 17 Januari

Umeme ulikatika nikiwa kazini, kabla ya sala. Nikapanda juu kutawadha. Shangazi amelala chali, mikono imenyooshwa ubavuni, haitiki. Nikaita mpaka sauti ikanikauka. Kisha feni ikaanza kuzunguka — umeme umerudi — na kule chini mota nayo ikaanza, maana swichi niliiacha wazi. Akafumbua macho. Akauliza mbona napiga kelele kama niko mnadani.

Ni joto, nikajiambia. Feni imezimika, mtu mzima akazimia. Kila kitu kina sababu yake.

Jumatatu, 20 Januari

Leo Nasiha, binti wa Shangazi, alikuja kutoka Ganjoni kumwona mamake. Akafungua kasha ampangie nguo. Kisha akaniita ukumbini, akaufunga mlango wa chumba nyuma yake. Uko wapi ule mfuko wa bafta? Nikauliza bafta gani.

Ni sanda. Sanda ya Shangazi mwenyewe! Aliinunua Makka mwaka aliohiji, akaifua kwa maji ya zamzam, akaja nayo ameikumbatia kifuani. Mambo haya huambiana wao kwa wao wanawake. Mimi nilijua alileta tende na misala.

Nikashuka, nikachukua spana, nikaanza kuilegeza nati ili nilitoe lile gurudumu. Nilitaka kulifua, kulirudisha kashani, sijui nilitaka nini. Mota, iliyokuwa ikizunguka tangu asubuhi, nilikuwa nimeizima kwanza. Nati haijamaliza kulegea, Nasiha akapiga ukelele juu: "Mama! Mama!" Nikaikaza upesi, nikawasha. Ukelele ukakoma. Nikamsikia Shangazi akimwambia binti yake amletee maji.

Na feni haikuzimika. Ilikuwa inazunguka wakati wote.

Alasiri nimemweleza Nasiha yote. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Amesema tu nisizime.

Jumanne, 21 Januari

Nimenunua bafta nyingine Biashara Street. Nasiha ameshona, mimi nimelifunga gurudumu jipya kwenye drili. Bakuli liling'aa vilevile. Kisha, tujue kama jipya litamshikilia, nikalizima la zamani, drili ikabaki peke yake. Nasiha alikuwa juu, amemshika mamake kidole.

"Washa! Kamaludin, washa!"

Sijaribu tena.

Sasa la zamani lazunguka hewani. Siligusishi mti wala chochote. Na bado linatoa vumbi jeupe, linatua kwenye mabakuli, kwenye nyusi zangu. Mishono inaachia mmoja mmoja. Haina fundo hata moja!

Alhamisi, 23 Januari

Nilimwita Joab aitazame mota. Aliweka kiganja juu yake, akakitoa upesi. Amesema mota ya kufulia haikuundwa kwenda kutwa kucha. Niizime ipoe, la sivyo koili itaungua. Akanyoosha mkono kwenye swichi — nikaupiga ule mkono! Mtu mzima, rafiki yangu, aliyekuja kunisaidia. Akalitazama gurudumu linalozunguka peke yake, akatazama mabakuli yaliyopangwa ukutani. Akauliza, "Fundi, sasa hapa unang'arisha nini?" Alikwenda zake bila kuaga.

Gurudumu lililokuwa sahani ya pilau sasa ni kisahani cha kikombe. Shangazi anakula vizuri. Uso wake hauna kunyanzi hata moja. Wanaokuja kumwamkia wanasema mashaallah, amerudi usichana. Mimi siwezi kumtazama.

Ijumaa, 24 Januari

Sikwenda msikitini leo. Nimeswali adhuhuri hapa hapa karakanani. Koili imeanza kunuka. Nimeileta feni iipulizie.

Nasiha anasema lazima mamake aambiwe, ni haki yake. Nikasema kesho. Tangu Jumatatu nasema kesho. Naogopa. Yeye ndiye aliyenilea, na sina mwingine wa kuniuliza kama nimekula.

Baada ya alasiri alishuka mwenyewe. Akasimama mlangoni, akauweka mkono kwenye upepo wa gurudumu. Vumbi jeupe likamtua kiganjani. Akalifikicha kwa vidole, akalinusa.

"Imesalia kadiri gani?"

Nikajifanya sielewi. Nikamwambia bado mabakuli machache tu, Shangazi, namaliza.

"Bafta yangu, Kamalu. Mkono wangu utanidanganya mimi?"

Alijua tangu siku ya kushona! Nikalia. Akaniacha nilie, hakuniambia ninyamaze. Aliponisikia nimetulia akauliza tena. Nikamwambia kweli: kama kiganja changu hivi, na kingo zinaendelea kuliwa.

Akavuta kigoda changu, akakaa, akajiweka sawa mtandio wake.

"Basi nisazie ya kunifinika uso."

Hajaniambia nizime lini. Amekaa hapa ninapoandika, mbele yangu, anavuta tasbihi, anangoja. Nasiha yuko ngazini, hashuki. Gurudumu limepungua tena kidogo tangu nilipoanza mstari huu. Mkono mmoja unaandika, wa pili uko kwenye swichi.