Ufa Chini ya Blada

Jumatano, Kosele

Eti kompyuta ya gari imekufa! Wiki tatu fundi Odoyo ananiambia hivyo, kwa sababu gari langu likisimama tu, injini inapanda, inashuka, kisha inazima. "Mwalimu, hii gari imezeeka. Uza tu." Na kesho lazima nimtoe Mama kijijini Magunga nimpeleke kliniki ya macho Homa Bay.

Nimebishana na wanasiasa gazetini miaka mingi. Nishindwe na injini? Jana nilisoma kwamba injini ya aina hii ikivuta hewa kupitia tundu lolote, huyumba hivyo hivyo. Leo nikaenda gereji, nikamwambia Odoyo awashe, nami nikabana mipira ya kupitishia hewa kwenye injini kwa vidole, mmoja mmoja.

Kwa mpira wa nne, injini ikatulia. Nikaachia, ikayumba. Nikabana tena, kimya cha heshima!

Mpira huo ulifungwa utepe wa blada, ule mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Chini yake, ufa mrefu kama ukucha.

"Nani alifunga hii?"

Odoyo akajikuna shingo. "Si ni mimi, Mwalimu. Ile siku ulinikimbiza, ukisema unachelewa mkutano."

Kweli, nilimkimbiza. Inaniuma, lakini kidogo tu.

Akatia mpira mpya. "Sasa usiniandike kwa gazeti."

"Sitakuandika gazetini."

Na sijamwandika gazetini; hii ni shajara yangu tu. Injini imenguruma uani nusu saa bila kutetereka, na Mama nimemwambia kwa simu awe tayari saa moja asubuhi.