Treni ya Baba Mkubwa

Columbus, 3 Aprili 2016

Baba mkubwa mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Muhoza. Mmeamkaje huko Louisville? Na goti lako, limetulia sasa baridi inapokwisha? Mimi niko salama. Kazi ya kutunza wazee inaniumiza mgongo, ila namshukuru Mungu.

Bon, nina habari. Mwaka huu unatimiza miaka sabini. Wewe ndiye uliyenichukua baba yangu alipofariki, ukanibeba mpaka kambi ya wakimbizi, ukanifundisha kusoma kwa mkaa juu ya bati. Mimi na ndugu zangu Hadassa na Muhoza, pamoja na Baba mdogo Gasore na Mama Emérence kule Buffalo, tumekaa tukaona tusikununulie koti jingine.

Unajua Mama Emérence anamhudumia bibi mmoja huko Tonawanda. Binti wa yule bibi, Lorraine, naye ni mtu mzima, na kila mwaka husafiri na kundi la wastaafu. Wanapanda treni Ufaransa, wanapita miji midogo na mashamba, na kuna kiongozi anayeshika tiketi za wote na kuwahesabu kama ng'ombe jioni. Tumekuandikisha. Mnaondoka mwanzoni mwa Juni. Sasa una pasipoti ya Marekani, hakuna wa kukuzuia. Nenda ukaone ile mito uliyokuwa ukituchorea.

Swali dogo. Mama yake Gisa ameniuliza jambo nikashindwa kulijibu. Kwa desturi yetu, binti akitolewa kwa mume siku ambayo mkubwa wa ukoo yuko safarini, nani anasema kwa niaba ya ukoo? Si kwa ajili yetu, sisi sherehe yetu ni Oktoba kama mlivyopanga. Ni maswali tu ya mama mkwe.

Mwanao,
Kanyana

Louisville, 17 Aprili 2016

Kanyana mwanangu,

Nakusalimu kwa furaha nisiyoweza kuificha. Goti ni lile lile, lakini tangu barua yako ifike limejifanya la kijana. Mgongo wako uukande kwa maji ya moto na chumvi, na usiinue mzee peke yako.

Nikueleze kwa nini zawadi hii imenitoa machozi mbele ya Muhoza. Nilipofundisha jiografia Uvira, ramani pekee iliyokuwa darasani ilikuwa ya Ufaransa. Watoto walioweza kuuona mto Ruzizi dirishani walijua kwanza mto Loire unaanzia mlima gani. Miaka yote ile niliwaonyesha kwa fimbo nchi ambayo sikuwahi kuikanyaga, na fimbo ilishatoboa karatasi pale kwenye milima ya kati. Sasa nitapita ndani ya tundu lile.

Kuhusu swali la mama mkwe, ameuliza vizuri. Mkubwa akiwapo, mdogo hafungui kinywa, hata kama mkubwa ni mgonjwa wa kubebwa kwenye machela. Wanamngoja. Lakini mkubwa akiwa amevuka maji makubwa, hawamngoji, kwa kuwa zamani aliyevuka hakuwa na siku ya kurudi. Hapo mdogo wake husimama, hutaja kwanza jina la aliye safarini, kisha husema kana kwamba ni yule. Na neno lake hushika. Mweleze hivyo, na umwambie akitaka zaidi aniulize mwenyewe.

Hotuba ya Oktoba nimeanza kuitunga. Nimefika kwa babu wa babu yako.

Baba yako mkubwa,
Rugaba

Beaune, 7 Juni 2016

Mwanangu Kanyana,

Amani iwe kwako. Uko mzima? Gisa naye? Mimi nakula vizuri kupita umri wangu.

Nakuandikia hotelini, katika mji ambao hospitali yake ya zamani ina paa la vigae vya rangi, kama mkeka uliofumwa na mtu asiye na haraka. Tulikuja kwa treni kutoka Paris. Kiongozi wetu ni binti mwenye mwavuli wa njano, anauinua hata pasipo na mvua. Niliposoma kwa sauti jina la kila kituo tulichopita, wenzangu wa Buffalo walidhani nimewahi kuishi huku. Niliwaeleza kuhusu mizabibu, kwa nini inapandwa upande wa mteremko unaopokea jua la asubuhi. Bwana mmoja alilala, lakini Bibi Lorraine alisikiliza mpaka mwisho na akauliza swali. Ni mtu mwema. Anauliza habari za Emérence kana kwamba ni dada yake.

Kesho kutwa tunaingia milimani. Natamani ungekuwa kwenye kiti cha pembeni, wewe uliyekuwa ukiuliza kila kitu.

Baba yako mkubwa,
Rugaba

Murat, Jumamosi, 11 Juni 2016

Kanyana,

Nakusalimu. Sitauliza kama u mzima, kwa sababu najua leo umevaa vizuri na watu wamekuzunguka.

Niache nieleze kwa utaratibu, maana nikiacha utaratibu nitaandika matusi.

Leo treni ilipanda polepole kati ya milima ya kijani, na malishoni niliona ng'ombe wekundu wenye pembe ndefu zilizopinda juu. Nilisimama dirishani kama mtoto. Niliwaambia wenzangu kwamba huku ni kama kwetu juu, Minembwe, ukungu ule ule, nyasi zile zile. Nilikuwa na furaha kiasi cha kujionea aibu.

Wakati wa chakula cha jioni, Bibi Lorraine aliketi karibu nami. Alilalamika kidogo kwamba amepata shida kumtafutia mama yake mtu wa kumhudumia mwisho wa juma hili, kwa kuwa Emérence ameomba ruhusa ya kwenda Columbus. Kisha akanigusa mkono.

"Una moyo mkubwa," akasema. "Mimi nisingeikosa siku ya mtoto niliyemlea hata kwa Ufaransa nzima."

Nilidhani amechanganya miezi, nikamsahihisha kwa upole kwamba ni Oktoba. Akaona uso wangu. Nilimwona akitamani kuyarudisha maneno yake mdomoni. Lakini ni mkweli, nilipomuuliza hakunificha. Akaniambia ni leo, alasiri, ukumbi wa kanisa, na kwamba Gasore ndiye atakayesema.

Hapo nikakumbuka swali la mama mkwe. Mlitaka mlango, na mimi nikauchonga, nikautia bawaba, nikawafungulia. Kisha mkanivusha maji makubwa kwa tiketi.

Kwenu ilikuwa saa saba mchana. Wageni walikuwa bado hawajaketi. Nilitoka nje nikashika simu. Unajua kwamba ningempigia Gasore na kusema neno moja, "Nakataa," watu wangebeba sufuria zao wakarudi makwao, na hakuna mzee ambaye angenilaumu. Namba yake niliiweka tayari. Kiongozi wa mwavuli alikuja kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia sijapotea, nikaizima simu. Usinisifu kwa hilo. Sikutaka tu usikie sauti yangu jinsi ilivyokuwa, siku ya leo.

Gasore namfahamu. Tangu utoto alipenda kukalia kigoda chenye joto la mwenzake. Naye nitamalizana naye. Wewe nakuomba jambo moja tu. Niandikie kwamba hukujua. Sema walikuficha mpaka asubuhi ya leo, na mimi nitaamini, na hatutalizungumza tena.

Baba yako mkubwa,
Rugaba

Columbus, 26 Juni 2016

Baba mkubwa wangu,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ijapokuwa hunioni. Muhoza amesema umefika salama, na kwamba sanduku hujalifungua.

Barua yako ya Murat imenifikia. Nimejaribu kuandika ulichoniomba. Niliandika kabisa, nikatia na sahihi. Kisha nikaichana.

Si Baba mdogo. Yeye alikataa mara mbili, na Mama Emérence alilia, akasema tunamchezea mtu mzima. Ni mimi. Safari niliitafuta mimi, tarehe niliichagua mimi, na mama yake Gisa hakuniuliza swali lolote.

Nitakwambia sababu bila kuipamba. Ni siku Hadassa alipotolewa, kule Buffalo. Uliposimama ulianza na ng'ombe wa kwanza wa ukoo, ukaeleza kila alikopitia na nani alimgawia nani. Mwenye ukumbi alizima taa moja, ukaendelea. Akazima ya pili, ukaendelea. Tulikula wali baridi kwenye maegesho ya magari, Novemba, watoto wanalia. Vijana walikurekodi. Mpaka leo wanaigiza, wanaanza na "Nikueleze kidogo," na chumba kizima kinaanguka kwa kicheko. Gisa na watu wake walikuwa pale. Nilipochumbiwa, shangazi yake alimwambia mbele yangu, "Ukienda kuoa kule, beba godoro."

Walicheka. Baba mkubwa, na mimi nilicheka.

Ningeweza kuja Louisville nikakwambia, fupisha. Nilikuja Februari kwa nia hiyo. Ukanipikia uji, ukaanza kunisomea habari za mababu, na uso wako ulikuwa umewaka. Nikashindwa. Nikaona treni ni upole zaidi. Niliamini hivyo kweli.

Hujauliza ilikuwaje, lakini sitakuficha tena kitu. Ilienda vizuri. Baba mdogo alitaja jina lako, akasema uko Ufaransa, watu wakapiga makofi. Alisema maneno machache, wakajibu, tukala chakula moto. Nilitamani kitu kiharibike ili nijue kwamba ulihitajika. Hakikuharibika kitu, na tangu siku ile silali vizuri.

Agosti tunawapokea wazee nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza. Njoo wewe useme. Sema mpaka kuche, hakuna atakayezima taa.

Mwanao,
Kanyana

Columbus, 28 Agosti 2016

Baba mkubwa,

Salamu. Natumaini joto la Kentucky halikusumbui.

Jana hukuja. Baba mdogo alikataa kusema, akasema mara moja imemtosha. Tukasali, tukala, tukawasha televisheni. Mama yake Gisa aliuliza kama kwetu hakuna wa kuwaeleza wageni kitu. Gisa akajibu kwamba yupo.

Nikipiga simu Muhoza anasema uko mzima, unatembea asubuhi. Nasikia kikohozi chako nyuma yake. Niandikie hata kunigombeza.

Mwanao,
Kanyana

Louisville, 9 Oktoba 2016

Kanyana,

Salamu kwako na kwa mume wako. Mimi ni mzima. Barua zako zote nimezipata.

Jana Mukashyaka, mjane wa mtaa wa hapa, Okolona, alimtoa binti yake. Hana ndugu wa kiume nchi hii, akaniomba nimsemee. Nilisimama, nikataja jina la binti na la marehemu baba yake, nikawashukuru wageni, nikaketi. Chakula kilikuwa bado hakijafunuliwa. Vijana walinipigia makofi, mmoja akanipa mkono.

Nilipokuwa naondoka, Mukashyaka alinifuata mpaka kwenye gari akaniuliza kama ninaumwa.

Rugaba