Kwa Binti Yangu Anayechora Njia za Hewa

Mwanangu Goreti,

Usinihurumie kwa kuwa umesema tena huji Noeli. Hapa Rumonge sina hata nafasi ya kukukumbuka, wageni wanapishana mlangoni tangu asubuhi. Haya, nimedanganya. Aliyeingia wiki hii ni mbuzi wa jirani, naye alifuata maganda ya ndizi. Nilimwacha akae kidogo.

Sababu yako naijua. Hospitali unayoichorea mabomba ya hewa huko Kigali inakaribia kufunguliwa, na injinia mkubwa kama wewe haondoki mpaka hewa ipite anavyotaka. Juzi sokoni Mama Anita, yule muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, aliniuliza hivi binti yako anajenga nini hasa. Nikamwambia hajengi, anachora njia za hewa. Akawageukia wenzake.

"Hewa iko na njia, muzee? Sasa hii yangu inapita wapi?"

Wakacheka mpaka nami nikacheka. Ningemweleza nini? Shule yangu iliishia kwenye kujumlisha. Ukianza mambo ya feni na presha kwenye simu, mimi hujibu ndiyo, ndiyo, huku nafukuza kuku.

Lakini kazi yako niliiona ikizaliwa. Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Tanzania, mama yako anachemsha ngazi, yale matunda ya mchikichi ya kukamulia mawese, kwenye kibanda kile cha Kizuka, macho mekundu, kikohozi hakimwachi. Ukachukua jani kavu la mchikichi, ukaliwasha, ukalizima, ukazunguka nalo kibandani ukiufuata moshi wake kama anayemvizia mwizi wa kuku. Kisha ukaniamuru nitoboe ukuta: chini upande wa ziwa, juu upande wa milima. Nikabisha, kwa sababu mimi ndiye baba. Mama yako akanipa sururu. Moshi ukaondoka bila kusukumwa. Mama yako akavuta pumzi ndefu, akanitazama kuanzia miguuni.

"Baba Goreti, huyu mutoto hakufanana na wewe hata kidogo. Mungu asifiwe."

Sasa mama yako hayupo, kibanda kimeanguka, na nyumba hii uliyonichorea haijui moshi. Hewa inaingia, inatoka, haina habari na mimi. Zamani nilijua jikoni kuna mtu kwa kumsikia akikohoa. Siku hizi nakohoa mwenyewe, nyumba isije ikadhani imehamwa.

Unaniita nije kukaa kwako. Nije nifanye nini ghorofani, niamkie lifti? Njoo wewe. Wagonjwa wako watapumua tu, uliwachorea vizuri, na feni haitaacha kuzunguka eti umekwenda kumwona baba yako. Nimekwisha kuwaambia wanakwaya kwamba utakuja. Usinitie aibu, hiyo ya kwangu inanitosha.

Halafu kuna deni ninalokudai. Ulipokuwa mdogo hukumeza samaki wetu mukeke hata siku moja kabla sijamtoa miiba kwa vidole vyangu, huku wa kwangu akipoa. Macho haya hayauoni tena mwiba, na sijamwambia mtu. Tangu mvua zianze nakula ndagala tu, maana humezwa na miiba yake, na sasa zimenichosha. Njoo hata siku mbili, mwanangu. Kaa karibu nami, unitolee miiba.

Baba yako